Wanahofiwa Kufa Maji

Habari yenyewe ilikuwa ya aya tatu, ukurasa wa ndani, chini ya picha ya mkuu wa wilaya akipanda mche. Ilisema mabaharia wote wa meli ndogo ya mizigo, iliyokuwa imebeba saruji kuelekea visiwa vya kusini, wanahofiwa kufa maji baada ya meli hiyo kuzama. Mpishi wa meli hiyo alikuwa mume wa mama yangu mdogo. Gazeti halikumtaja yeye wala wenziwe. Liliwakusanya pamoja, na mwishoni likaongeza kwamba bahari ilikuwa imechafuka, jambo ambalo mtu yeyote wa Likoni angeweza kuwaambia bila kulipwa mshahara.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kazi yangu ilikuwa kungoja matokeo. Kazi hiyo niliifanya kwa bidii, nikiwa nimelala kwenye kochi la nyumba yetu ya Changamwe, katika zile nyumba za wafanyakazi ambako watu hufunga madirisha upepo unapotoka upande wa matangi ya mafuta. Mama aliniamsha akaniambia nifunge nguo nikakae na mdogo wake. Hakusema ni kwa muda gani. Nilichukua magauni mawili, nikidhani nitarudi baada ya wiki, kumbe nilikuwa nahama.

Nilipofika Likoni nyumba ilikuwa imejaa. Shemeji yake mama mdogo, kaka mkubwa wa huyo mpishi, alikuwa karani bandarini, na katika ukoo ule yeye ndiye aliyekuwa akisomea watu barua na magazeti. Alisimama mlangoni na gazeti mkononi, akisoma kwa sauti ya mtu wa redio. Alipofika kwenye neno "kufa," mama yake, bibi mzima aliyekuwa amekaa mkekani, hakungoja aendelee. Alipiga ukemi wa kilio, wanawake wote wakaupokea, na kuanzia hapo hakuna aliyesikia tena gazeti lilisema nini.

Alasiri haikufika kabla mama mdogo hajaingizwa eda. Kwa wasiojua mambo yetu, eda ni ule muda ambao mjane hukaa ndani, hajipambi, hajitii manukato, wala hatoki ila kwa dharura. Walimvua bangili, wakamvisha nguo nyeupe, wakamkalisha chumbani kwake juu ya mkeka, uso kuelekea ukutani. Aliwaachia wamfanye wanavyotaka. Hakulia. Walipotoka kwenda kupika, akanigeukia.

"Gazeti liko wapi?"

"Abee, liko kwa shemejiyo."

"Nenda kalilete, kisha unisomee polepole."

Nililileta nikamsomea polepole. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Limesema wamekufa?"

"Limesema wanahofiwa kufa."

"Ni nani huyo ahofuye?"

Nilitazama tena, nikitafuta jina la mtu, au la ofisi, au hata lile neno "polisi." Halikuwapo. Nikamwambia kwamba gazeti halisemi.

"Basi mwenye hofu yake na aje mwenyewe anambie," akasema, akarudi kuutazama ukuta.

Baada ya siku chache mwalimu wa madrasa, ambaye pia ndiye aliyekuwa akisalisha msikiti wa karibu, alikuja kupanga hitma, kile kisomo cha kumwombea maiti. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, asiyependa kuharakishwa. Alikunywa kahawa, akamjulia hali kila mtu, kisha akauliza maiti imeonekana wapi. Karani akamjibu haijaonekana. Akauliza ni nani aliyeshuhudia. Karani akampa gazeti. Mwalimu akalisoma mwenyewe, mara mbili, akalikunja na kumrudishia.

"Huyu aliyeandika hakushuhudia, ndugu yangu," alisema. "Huyu ahofu tu. Na hofu haimwingizi mke wa mtu eda."

Akaeleza kwamba aliyepotea si maiti. Mke wake ni mke wake mpaka kadhi ahukumu vingine, na wa kwenda kwa kadhi ni yeye mke, kwa wakati wake. Mpaka hapo hakuna eda, hakuna hitma, hakuna tanga. Na kumlilia mtu ambaye huenda yuko hai ni kumchuria, ni kumwitia balaa alipo. Bibi mzima, ambaye sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia, alijifuta uso kwa ncha ya leso, akanyamaza.

Kwa hiyo mama mdogo akatolewa eda. Sijapata kusikia tena mwanamke aliyeingizwa eda akatolewa nusu ya njia kwa sababu ya namna habari ilivyoandikwa. Nguo nyeupe zilikunjwa zikarudishwa kwa mwenyewe. Majirani waliokuwa wameleta mchele na sukari hawakujua la kufanya, maana pole imeshatolewa na sasa hakuna msiba. Mmoja alikuja kuchukua sinia lake, likiwa bado na mchele wake, akaomba radhi mlangoni na kwenda zake.

Karani alivuka mara nyingi kwenda kwa mawakala wa ile meli mjini. Aliambiwa angoje. Mwishowe mawakala wenyewe wakafunga ofisi, na mlango ule ukawa wa duka la viatu.

Ndani ya nyumba ile sasa kulikuwa na wanawake wawili waliosomewa sentensi moja na kila mmoja akachukua neno lake. Yule bibi, mavyaa yake mama mdogo, alichukua "kufa." Alijua mwanawe amekufa, alijua tangu siku ile, na alilotaka ni kumlilia kama watu wanavyowalilia watoto wao. Mama mdogo alichukua "wanahofiwa," na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutimiza jambo akilianza, aliishi nalo wazi mbele ya watu wote. Kama si mjane, alisema, basi ni mke wa mtu aliye safarini. Alijitia wanja. Alijipaka hina siku za sikukuu. Kila Ijumaa alifukiza udi chumbani, na harufu ikipita chini ya pazia hadi uani alikokaa mavyaa, kilichofuata tulikijua.

"Wamfukizia nani?" bibi aliita.

"Mume wangu."

"Mumeo yuwapi?"

"Siko naye, mama. Lakini wewe pia huko naye."

Likoni ilisema iliyoyasema. Wengine walisema mama mdogo amerukwa na akili, wengine kwamba ana mtu. Mimi nilikasirika sana kwa hilo la pili, na nilimgombeza mwanamke mmoja bombani mbele ya foleni nzima, akiwa mkubwa kwangu. Mama mdogo aliposikia alinituma nikaombe radhi.

Alikuwa akiuza bajia na viazi vya karai karibu na kivuko. Kazi hiyo haiwezekani bila magazeti makuukuu, kwa sababu bajia hufungwa ndani ya gazeti, na mafuta hunywewa na gazeti. Tuliyanunua kwa kilo katika duka moja, yamefungwa kwa kamba ya katani, ya miaka yote, hayana mpango wowote. Kazi yangu jioni ilikuwa kuyachana vipande vya kadiri na kuvipanga.

Jioni moja, nikiwa na kifungu kipya mapajani, mama mdogo alikuwa anakoroga unga wa dengu. Alisema bila kuinua uso:

"Kabla hujachana, yasome. Nataka kujua wao wakisema watu wanahofiwa, mara nyingi huwa nini."

Huo ndio mwanzo wa kazi yangu ya kwanza ya magazeti, ijapokuwa hakuna aliyeiita hivyo. Nilisoma rundo baada ya rundo, nikitafuta neno moja. Nilikuwa na wakati, na matokeo yangu yalikuwa hayajatoka.

Neno lilikuwa kila mahali. Watu walihofiwa kufa basi likitumbukia mtoni. Watoto walihofiwa kuliwa na mamba. Watu walihofiwa kufukiwa na maporomoko ya matope milimani. Ng'ombe walihofiwa kufa kwa kiangazi. Kulihofiwa upungufu wa maji Kisauni, na kama nilivyomwambia mama mdogo, hilo nalo mtu wa Kisauni angelipokea kwa kicheko. Na siku moja, ukurasa mmoja na watu walioangukiwa na jengo, ilihofiwa kwamba bei ya sukari itapanda.

Mama mdogo aliacha kukoroga.

"Sukari nayo?"

"Ndiyo, na sukari."

"Kwa hiyo mume wangu na sukari ni mamoja," alisema, na tulicheka mpaka bibi akauliza kule uani tunachekea nini.

Nilianza kuona desturi zao. Wakubwa hawakuhofu hata siku moja. Mkuu wa wilaya alionya, waziri alihimiza, mbunge alitoa wito, na wote kwa pamoja waliwataka wananchi wawe na subira. Wananchi nao walidai, walilalamika, walinusurika. Hofu haikuwa ya yeyote. Ilikuwa ikijitokeza yenyewe kwenye habari za vifo ambavyo havijaonekana, kisha inaondoka. Nilimweleza mama mdogo hivyo, akasema hilo alilijua tangu siku ya kwanza.

Alichotaka kujua ni habari ya pili. Ile ya baadaye, inayosema walipatikana wazima, au walipatikana wamekufa, lolote. Na hapo ndipo nilipokwama. Magazeti ya kilo hayafuatani. Ukipata la Jumatatu, la Jumanne lilishafunga samaki mahali pengine. Lakini hata nilipopata ya wiki nzima, yamefungwa pamoja kama yalivyotoka kwa mwenyewe, habari ya pili haikuwamo. Basi lilitumbukia mtoni Jumanne, watu wakahofiwa. Jumatano kulikuwa na mkutano wa chama. Alhamisi mpira. Mto ule na watu wake hawakurudi tena gazetini, na mimi niliendelea kuwatafuta hadi Jumapili.

Mara moja tu niliipata. Wavuvi wawili waliohofiwa kufa, lilisema gazeti moja lililochakaa, walikutwa wakiwa hai kwenye kisiwa kisichokaliwa na watu, wakila kaa wabichi. Nilimsomea. Alifuta mikono, akauchukua ule ukurasa ijapokuwa hajui kusoma, akaniomba nimwonyeshe maneno yenyewe yako wapi. Kisha akapika uji wa ngano wa kugundishia, akaubandika ukurasa ule ukutani jikoni, juu ya mtungi wa maji. Bibi alipokuja kuchota maji akauliza ni kitu gani kile. Akaambiwa. Aliutazama kwa muda, akachota maji yake, akatoka.

Matokeo yangu yalitoka, si mazuri wala si ya kuaibisha. Nilijifunza kupiga taipu, nikapata kazi mjini katika ofisi ndogo ya gazeti, kwanza nikiwapigia wengine habari zao, na miaka ya tisini ilipoingia nikawa naziandika mwenyewe. Nilirudi kukaa Changamwe. Likoni nilikwenda Ijumaa mbili kwa mwezi, na harufu ya udi ilinipokea mlangoni.

Ofisini nilijifunza kwa nini. Hapakuwa na siri kubwa. Huwezi kuandika mtu kafa kama hakuna maiti na polisi hawajasema kafa, na huwezi kuandika yuko hai. Muda wa kufunga ukurasa haukungoji. Kwa hiyo unaandika anahofiwa, unakunja karatasi, unampa dereva. Mkubwa wangu, mtu mwema aliyevuta sigara mpaka vidole vikawa na rangi ya chai, aliniambia: ukiandika kafa halafu arudi, utamtazama vipi? Niliona ana haki. Nilimuuliza juu ya wale wasiorudi, akasema hao hawaji ofisini kulalamika.

Niliandika neno lile mara nyingi. Vijana walifukiwa katika timbo la mawe Kisauni, nikaandika wanahofiwa. Kesho yake niliomba kurudi timboni kuona kama wamechimbuliwa, lakini palikuwa na waziri kwenye mchango wa shule, na gari lilikuwa moja. Nilikwenda kwa waziri. Alihimiza.

Miaka ilipita hivyo. Bibi alizeeka. Kwanza miguu ikamwishia nguvu, kisha macho, na mama mdogo, ambaye alikuwa akizozana naye kila Ijumaa, ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Hawakupatana, lakini nadhani walikuwa wamezoeana kiasi ambacho kupatana kusingeongeza kitu. Karani alikuwa amekufa tayari, kwa maradhi ya kawaida, kitandani kwake. Alizikwa akaliliwa vizuri, na watu walisimulia jinsi bibi alivyolia siku ile kupita kiasi, kana kwamba analilia wawili.

Nilikuwapo siku bibi aliposema. Ilikuwa Ijumaa, mchana, mama mdogo anatia makaa kwenye chetezo. Bibi alimwita aingie chumbani kwake. Hakufoka safari hii.

"Mwanangu," alisema, "mimi naondoka. Sikwambii uache kumngoja, kumngoja ni haki yako. Lakini nami nimemzaa. Niache nimlilie mwanangu kabla sijafa."

Mama mdogo alisimama pale na koleo la makaa. Alirudi chumbani kwake, akamaliza kufukiza udi wake kama Ijumaa zote, akala, akaosha vyombo. Jumatatu alivaa buibui, akavuka kwenda mahakama ya kadhi. Nilikwenda naye. Alieleza habari yake kwa sauti iliyonyooka, tangu meli hadi mawakala hadi duka la viatu. Kadhi alikuwa mpole, aliuliza maswali mengi, akatafuta mashahidi, akatuita tena na tena. Mwisho akahukumu kwamba mtu yule ahesabiwe amekufa, na eda ianze siku ile ya hukumu.

Kwenye feri wakati wa kurudi mama mdogo aliniuliza kitu kimoja.

"Sasa gazeti litaandika? Wao ndio walioanza."

Nilimwambia nitajaribu. Nilikwenda kwa mkubwa wangu, nikamweleza yote, na yeye alinisikiliza mpaka sigara ikamuunguza. Akasema ni masikitiko, lakini ni habari kuukuu. Kama jamaa wanataka tangazo la tanzia, ukurasa wa matangazo upo. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesoma magazeti yote yale na nilijua kwamba waliohofiwa hawarudi gazetini.

Nilivuka jioni ile kwenda kumwambia. Alikuwa tayari ndani ya nguo nyeupe, safari hii zake mwenyewe, alizozinunua bila kumwambia mtu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya kitanda cha mavyaa yake. Bangili zilikuwa ndani ya bakuli. Bibi alikuwa amelala chali, macho yametazama dari, na uso wake ulikuwa umelowa. Alikuwa akilia bila sauti, kwa raha, nitasema hivyo ijapokuwa si neno la msiba, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Nilimwambia mama mdogo kwamba gazeti halitaandika.

"Haya," alisema. "Wao walihofu siku moja, wakaenda zao. Aliyekuwa akihofu ni mimi. Kila siku, wallahi, ni mimi."

Akatazama mikono yake isiyo na bangili. Akaibana midomo kwa vidole, kama nilivyomwona akifanya mara nyingi miaka ile yote bila mimi kuelewa anazuia nini. Bibi alinyoosha mkono kutoka kitandani, akapapasa mpaka akampata begani.

"Lia, mwanangu," alimwambia. "Si uchuro tena."